Shemeji kuteuliwa msimamizi wa mirathi haina maana nyumba imekuwa yake

Juzi kaja mama mmoja ofisini, anafanya biashara ya dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, kabeba bahasha ya kaki imelowa pembeni, ndani kuna muhtasari wa kikao cha ukoo kurasa mbili. Akaniambia, "Dada wakili, kikao nilikuwepo, ila maneno haya sikuyasikia." Nikausoma. Ukurasa wa kwanza unasema wanaukoo kwa kauli moja wamemteua mdogo wa marehemu kuwa msimamizi wa mirathi, wa pili ni mahudhurio, majina kumi na nne, lake la kumi na mbili, kaandika kwa kalamu ya bluu na maneno mengine yote juu ni meusi. Yeye alijua anasaini daftari la michango ya msiba. Sasa hivi shemeji ndio anachukua kodi ya wapangaji wawili kule Buhongwa na kashamwambia aanze kujiandaa kuhama maana nyumba ni ya ukoo.

Kesi za hivi napokea nyingi mno, na karibu kila mara kosa linaanzia kwenye neno moja, msimamizi. Watu wakisikia fulani kapewa usimamizi wanaona kapewa mali. Hapana jamani. Msimamizi kazi yake ni kukusanya mali za marehemu, kulipa madeni, kisha kugawa kwa warithi, basi. Kwa mahakama ya mwanzo kanuni zinampa miezi minne tangu ateuliwe awe amepeleka orodha ya mali na madeni kwenye Fomu namba 5, na hesabu anatoa kwenye Fomu namba 6, akihitaji muda zaidi anaomba mahakama. Kodi anayokusanya ni ya mirathi, sio ya mfukoni kwake. Asipopeleka hesabu nenda mahakama ile ile iliyomteua, ulizia namba ya shauri, omba aitwe aje aeleze, na kama anatapanya mali omba atenguliwe. Nimeshaona shemeji anayefoka nyumbani akiulizwa na hakimu "Fomu namba 5 iko wapi" anaanza kutafuta maneno.

Hayo ndio mepesi. Gumu ni pale msimamizi akiwa mwaminifu kabisa, kafuata kila kitu, na bado mjane anatoka mikono mitupu kwa sababu kanuni yenyewe ndio imeandikwa hivyo.

Mahakama inaangalia kwanza marehemu aliishi maisha gani. Akiwa Muislamu aliyeacha watoto mjane ana sehemu moja ya nane, ikitumika ile sheria ya zamani ya mirathi ya mwaka 1865 iliyotoka India mjane mwenye watoto ana theluthi moja, lakini ikionekana aliishi kimila, na huku kwetu wengi wanaangukia hapo, tunaenda kwenye tangazo la sheria za mila la mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436. Lile linapanga warithi kwa madaraja, mtoto wa kiume wa kwanza juu, wenzake wa kiume wanafuata, mabinti daraja la tatu. Mjane hana fungu kama marehemu kaacha ndugu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza yeye. Soma tena hiyo sentensi ukiwa na mama mwenye watoto wa miaka sita na tisa mbele yako. Nani anamtunza nani?

Nikilisema hili kwenye mikutano ya msaada wa kisheria vijijini mzee mmoja hakosi kusimama. Kule Magu aliniambia, mwanangu, hizi haki za binadamu za Wazungu, mwanamke tumemtolea ng'ombe, mali itarithije mali? Sikumkasirikia, nilimjibu kwa kesi ya hapa hapa ziwani.

Holaria Pastory alikuwa mwanamke wa Kihaya kule Muleba, shamba la ukoo aliachiwa na baba yake kwa wosia halali. Akazeeka, hana wa kumtunza, tarehe 24 Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake tu, tarehe 25, mwanaukoo kashafungua kesi mahakama ya mwanzo Kashasha kwamba mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo, na akashinda. Mahakama ya wilaya ikapindua, rufaa ikaja Mahakama Kuu hapa Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akasema kanuni ile inagongana na Katiba ibara ya 13 inayokataza ubaguzi, kwa hiyo isomwe kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanaume kurithi na kuuza. Mila hakuitupa lakini. Mwanaukoo akichukia mauzo bado anaweza kulikomboa shamba kwa kulipa bei, yaani vile vile ambavyo angefanya kama muuzaji angekuwa mwanaume. Mimi hapo ndio napapenda zaidi kwenye hukumu nzima.

Nyinyi mliotaka kesho yake kumshitaki mlikuwa wapi alipokosa wa kumtunza? Mila yenyewe ilikuwa na pande mbili, ukoo unashika ardhi na ukoo unabeba mjane na yatima. Siku hizi watu wanachukua upande wa ardhi, upande wa kubeba wanauacha barabarani, halafu wanaita hiyo mila.

Nisiwadanganye kwamba kesi ya Pastory ilimaliza. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, wao na watoto wao, walifukuzwa na wakwe, wakaenda Mahakama Kuu kupinga kanuni zenyewe, na mwaka 2006 majaji wakakubali kwamba ni za kibaguzi lakini wakakataa kuzifuta, wakihofia kwamba mila za makabila zaidi ya 120 zitafuata njia hiyo hiyo, wakaelekeza mabadiliko yapitie halmashauri za wilaya. Hofu yao naielewa, jaji kufuta mila ya watu kwa kalamu moja sio jambo dogo, na kuna wanasheria nawaheshimu wanaotetea msimamo huo. Ila mimi siukubali, ukishatamka kwamba kanuni inabagua huwezi kumwambia mjane akasubiri kikao cha madiwani, analala wapi usiku huo? Rufaa yao ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya makaratasi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, mkataba ambao Tanzania iliuridhia 1985, ikasema haki zao zilivunjwa.

Wakati tunasubiri kanuni hizo zibadilike kuna vya kushika mkononi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 68 inasema mjane anakaa popote anapotaka na anaolewa na anayemtaka mwenyewe au haolewi kabisa, hata mila iseme vingine, kwa hiyo suala la kurithiwa na shemeji kwa nguvu halipo.

Mama wa dagaa tumemfungulia maombi ya kumtengua msimamizi. Nimemwambia alete risiti za mabati na saruji, maana nyumba walijenga wote, na tutadai kwanza kutenganishwa kilicho chake na cha marehemu kabla mtu hajagawa chochote. Jana karudi na daftari la mkopo wa kikundi chao cha akina mama, limenuka dagaa, na mistari ya marejesho imeandikwa kwa ile ile kalamu ya bluu.