Kwa Nini Taa za Kipilefti Zinakusimamisha Usiku, Barabara Ikiwa Tupu

Kazi yangu ni kupanga taa za kuongozea magari, na hakuna lalamiko ninaloletewa mara nyingi kama hili: saa nane za usiku, kipilefti kitupu, gari halionekani hata kwa mbali, na bado umewashiwa nyekundu. Dereva anauliza, namsubiri nani? Mara nyingi jibu la kweli ni kwamba hamsubiri mtu yeyote, na ana haki ya kukasirika.

Kipilefti kwa asili yake hakihitaji taa. Anayeingia anampisha aliye ndani, basi. Uingereza ilianza kuitumia kanuni hiyo nchi nzima mwaka 1966, na vipilefti vikapata sifa kwa sababu magari yanapishana yenyewe bila kuamrishwa. Inakwama pale barabara moja inapoleta magari mengi kupita nyingine. Asubuhi mkondo mnene unazunguka bila kukatika, na walio kwenye barabara inayofuata hawapati mwanya wa kuchomoka. Foleni yao inazidi kurudi nyuma. Hapo ndipo taa zinaletwa, zikate ule mkondo ili na wengine waingie. Kwa hiyo zimewekwa kwa ajili ya saa chache za msongamano. Usiku ugonjwa umeshapoa, lakini mgonjwa bado ananyweshwa dawa ileile kwa kipimo kilekile.

Ukiambiwa kipilefti kina taa, usifikirie makutano mamoja. Kila barabara inapoingia kuna taa mbili zinazopokezana: ya anayeingia na ya aliye ndani. Kipilefti cha barabara nne kina makutano manne madogo yaliyobanana. Magari yakijaa ndani, yanaziba njia ya wale waliotaka kutoka, na kote kunagandamana. Ili yasijae, taa zote zinafungwa kwenye mzunguko wa sekunde zilezile, yaani muda wa taa kupitia rangi zote hadi kuanza upya, na kila taa inawaka kijani kwa kuchelewa kidogo nyuma ya iliyotangulia, ili gari lililoruhusiwa kuingia likute njia wazi mbele yake.

Huko kuchelewa ndiko kunakowaudhi madereva wa usiku, na wengi hawajui. Tuseme kutoka mstari wa kusimamia wa taa ya kwanza hadi wa taa ya pili ni mita 60. Mchana gari linaanza kutoka kusimama, liko nyuma ya wenzake, linatumia sekunde 9 au 10 kufika. Usiku wewe unaingia bila kusimama kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, unafika kwa sekunde 5 na nusu. Taa ya pili bado haijakutarajia. Unakanyaga breki, gari linakaribia kusimama, taa inageuka kijani. Mbele tena hivyohivyo. Dereva anaapa kwamba taa inamwona na kumkomoa, kumbe haimwoni kabisa: inafuata saa iliyopangiwa foleni.

Sasa tupige hesabu. Mzunguko wa mchana ukiwa sekunde 90, na upande wako ukipewa nyekundu sekunde 50, gari linalofika wakati wowote tu lina nafasi ya asilimia 56 ya kukuta nyekundu. Ukijumlisha wote, waliobahatika na wasiobahatika, kila gari linapoteza wastani wa karibu sekunde 14. Punguza mzunguko uwe sekunde 40, nyekundu 22. Uwezekano wa kusimamishwa unabaki karibu palepale, lakini wastani unashuka hadi sekunde 6, na mwenye bahati mbaya kuliko wote atangoja 22 badala ya 50. Mabadiliko haya hayahitaji kununua chochote. Vidhibiti, yaani mitambo inayoziendesha taa, vinavyotumika siku hizi vina saa ndani yake na vinaweza kubadili ratiba vyenyewe. Kuacha ratiba ya asubuhi iendelee hadi alfajiri ni uzembe wetu sisi wa fani hii, nasema hivyo bila kumung'unya maneno, kwa sababu dereva aliyesubirishwa bure kila usiku mwishowe anazoea kupita kwenye nyekundu, na mazoea hayo anayabeba hadi kwenye taa ambayo kuna mtu anavuka.

Ninachokipenda zaidi ni taa inayoona. Chini ya lami unazikwa waya uliozungushwa, unaopitishwa umeme; chuma cha gari kikipita juu yake umeme huo unabadilika, na kidhibiti kinajua kuna mtu. Usiku unaweza kuacha pande zote zikae nyekundu, ukaweka kitambuzi hicho cha waya mita kadhaa kabla ya mstari. Kwa kuwa hakuna upande wenye kijani cha kufungwa kwanza, gari la kwanza kufika linafunguliwa karibu papo hapo. Kuna faida nyingine: anayekuja mbio anaona nyekundu mbele yake na kupunguza mwendo kabla haijageuka.

Kuzizima kabisa? Miji mingi ya Ujerumani huzima baadhi ya taa usiku, na alama za kupishana zipo palepale kwenye nguzo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani unaitambua njano inayowaka na kuzima kuwa onyo la kwenda kwa tahadhari. Kwenye kipilefti kidogo ambacho dereva anaona wazi pande zote na waenda kwa miguu wachache, mimi ningezima. Kwenye kile kikubwa cha leni tatu, hapana. Mara nyingi kilipanuliwa kwa kutegemea taa, na aliyezoea kupita kwa kijani chake hakumbuki kupisha zikizimwa. Tena taa zikizimika, zinaondoka pamoja na kijani cha mvukaji na sauti anayoitegemea asiyeona.

Vitambuzi navyo hufa. Wachimba mitaro wanakata waya, lami inapasuka, maji yanaingia. Kitambuzi kikiharibika, kwa kawaida kidhibiti kinachukulia kwamba gari lipo siku zote, ili asikwame mtu. Ndiyo maana unaweza kuona barabara tupu ikipewa kijani kila mzunguko huku wewe umesimama. Kwa pikipiki na baiskeli kuna tabu nyingine, chuma chake ni kidogo. Angalia mchirizi mweusi uliokatwa kwenye lami kabla ya mstari, ambamo waya umezikwa, simama juu ya mchirizi wenyewe badala ya katikati ya mraba wake. Mwenye gari naye asisimame mbali nyuma ya mstari wala asiupite, maana atakuwa nje ya kitambuzi.

Ukiripoti, usiandike tu kwamba taa ni mbovu. Taja saa, barabara uliyokuwa unatokea, taa ilikuwa ya kuingilia au ya ndani, ulisubiri kama sekunde ngapi, na ni upande upi uliokuwa na kijani bila gari. Kwa maelezo hayo fundi anaweza kujua, kabla hajatoka ofisini, kama tatizo ni ratiba au ni waya.