Wahka, moyo kwenda mbio na chakula tunachokula: maswali na majibu

Je, kuna vitamini inayozima wahka unapompanda mtu ghafla?

Hakuna. Wahka wa ghafla, ule unaomjia mtu hata akiwa amekaa tu barazani, moyo ukamdunda, pumzi zikambana na akahisi mauti yamemfika, kwa kawaida hufikia kilele chake ndani ya dakika 10 hivi kisha ukapungua wenyewe, kabla kidonge cha vitamini hakijafanya kazi yoyote. Chakula husaidia polepole, kwa kuuondolea mwili upungufu unaoweza kuzidisha dalili hizo au kufanana nazo.

Ni upungufu gani utazamwe kwanza?

Upungufu wa damu. Ninauweka mbele ya vitamini zote kwa sababu dalili zake, yaani moyo kwenda mbio, pumzi kukatika mtu anapopanda ngazi na kizunguzungu, hufanana mno na za wahka, na wanawake wengi wa visiwani, hasa wajawazito, wanao. Kipimo cha wingi wa damu ni cha kawaida, basi kifanywe kabla ya kununua chupa yoyote ya vidonge. Madini ya chuma yamo katika maini, nyama, dagaa, choroko na mboga za majani. Yale ya mimea huingia mwilini kwa shida, lakini ndimu ikikamuliwa juu ya mchicha huyasaidia, ilhali chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huyazuia, kwa hiyo chai na isubiri saa moja au zaidi. Vitamini B12 nayo ipimwe kwa mwenye kisukari aliyetumia metformini miaka mingi, kwani dawa hiyo huweza kuipunguza. Tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi huleta dalili hizo hizo, na hiyo haitibiwi kwa chakula.

Vipi vitamini B6, magnesiamu na mafuta ya samaki?

Ushahidi upo, ila ni mdogo kuliko sifa zinazotolewa. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walieleza kuwa vijana waliotumia miligramu 100 za B6 kila siku kwa takriban mwezi mmoja walihisi wahka wao umepungua kidogo. Kiasi hicho ni kikubwa mno, kwani mahitaji ya mtu mzima hayafiki miligramu 2 kwa siku, na kukitumia kwa muda mrefu kunaweza kudhuru mishipa ya fahamu hadi miguu ikafa ganzi. Magnesiamu tunaipata katika korosho, mbegu za maboga na kunde; ya vidonge huweza kuharisha, na mgonjwa wa figo asiiguse bila ya ruhusa ya daktari. Kuhusu mafuta ya samaki, sioni kwa nini mtu wa pwani, awe Mkokotoni kule Unguja au Wesha kule Pemba, anunue ya chupa wakati vibua na dagaa wanashushwa pwani kwake.

Je, niache kahawa?

Ipunguze, tena kidogo kidogo, maana kuiacha kwa mpigo huleta maumivu ya kichwa. Kafeini, kichangamshi kilichomo katika kahawa, huongeza mapigo ya moyo na huweza kumwamsha wahka mtu aliye mwepesi kuupata. Vikombe vya kahawa chungu ni vidogo, lakini mazungumzo ya baraza ni marefu na vikombe havihesabiwi. Tangawizi inayotiwa katika kahawa haiondoi kafeini.

Mbona hutetemeka nikichelewa kula?

Sukari ya damu ikishuka, mwili humwaga adrenalini, homoni ile ile inayotoka mtu anapoogopa, na mtu hutoka jasho na kutetemeka kama mwenye wahka. Chai ya sukari nyingi na boflo pekee hazishikilii tumbo. Ongeza yai, maharage au samaki, na katika Ramadhani usiliache daku.

Ni lini niende hospitali?

Mara moja, ikiwa kifua kinauma na maumivu yanasambaa mkononi au tayani, au mtu anazimia. Wahka unaorudi kwa wiki kadhaa na kumzuia mtu kwenda kazini au sokoni unatibika kwa mazungumzo ya kitaalamu na kwa dawa. Kwa Unguja, hospitali ya magonjwa ya akili ipo Kidongo Chekundu. Aliyeko Pemba aanzie hospitali iliyo karibu naye. Kisomo na dua havizuii matibabu hayo, ila dawa ulizoandikiwa usiziache kwa sababu umeanza vitamini, na kila kidonge au mitishamba unayotumia mtajie daktari.