Kapu la mtu mwingine

Ninapofundisha watengenezaji programu wapya, siku ya kwanza siwaonyeshi slaidi. Nawafungulia Juice Shop, duka la juisi la mtandaoni lililojengwa makusudi likiwa na mianya ya usalama, nawaambia: jisajilini, wekeni juisi kwenye kapu, kisha tafuteni namna ya kuona kapu la mtu mwingine.

Kivinjari kimehifadhi namba ya kapu lako. Ukiibadilisha na kupakia ukurasa upya, kapu la mwingine linafunguka. Hakuna neno la siri lililoibwa. Seva ilijua kwamba umeingia kwenye akaunti, lakini haikuuliza kama kapu hilo ni lako.

Duka hilo ni mradi wa OWASP, jumuiya ya usalama wa programu iliyoanza mwaka 2001. Taasisi yake isiyo ya faida ilisajiliwa Marekani mwaka 2004. Wengi wanaijua kwa orodha yake ya hatari kumi, iliyotoka mara ya kwanza 2003. Katika toleo la 2017, kasoro za ruhusa, kama hii ya kapu, zilikuwa nafasi ya tano. Mwaka 2021 zikapanda hadi ya kwanza, na mashambulizi ya kupenyeza amri, kwa mfano kwenye hifadhidata, yaliyokuwa yakiongoza, yakashuka hadi ya tatu.

Sioni ajabu. Zana za kisasa zinakukinga sana dhidi ya amri za kupenyezwa hata usipokumbuka. Lakini hakuna zana inayojua kwamba ankara fulani ni ya Asha wala si ya Juma. Hilo lazima uliandike wewe.

Niliwahi kukagua mfumo wa ankara wa kampuni moja. Mawasiliano yalisimbwa vizuri, kuingia kulihitaji namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Nikabadili tarakimu moja kwenye anwani ya ankara yangu ya majaribio, ikaja ya mteja mwingine: jina, simu, deni. Mtengenezaji alishtuka kweli. Kwenye skrini ya mteja hakuwa ameweka kiungo cha ankara za wengine, akaamini hilo linatosha.

Dawa yake ni hii: katalia kila ombi mpaka seva ithibitishe haki, na utambulisho wa mtumiaji uutoe kwenye kikao chake, yaani kumbukumbu ya kuingia kwake ambayo seva imeithibitisha, usiupokee kutoka kwenye ombi lenyewe.

Linaloniuma ni kampuni zinazotumia ile orodha ya kumi kama cheti cha ukaguzi. OWASP wenyewe wanasema ni ya kuamsha uelewa. Kwa kupima, wameandika ASVS, kiwango cha kuhakiki usalama wa programu, chenye masharti ya kuhakiki moja baada ya jingine. Vyote ni bure, na mikutano ya matawi yao iko wazi hata kwa asiye mwanachama.

Wanafunzi wangu huondoka na kazi moja: tengeneza watumiaji wawili, wa kwanza aombe ankara ya wa pili, na jaribio lipite tu iwapo seva imekataa. Liendeshwe kila msimbo wa programu unapobadilika.