Ngozi nyeusi haichorwi kwa kuongeza penseli

Jamani hili naomba niliseme kwa urefu leo maana nimechoka kulirudia kwa mtu mmoja mmoja. Mtu anajifunza potreti, yaani kuchora uso wa mtu, vipimo kavipata vizuri tu, macho yako nusu ya kichwa, sikio limekaa kati ya nyusi na chini ya pua, kila kitu safi. Anafika kwenye kushedi, yaani kuweka mwanga na kivuli, anachukua 6B, penseli laini yenye weusi mzito, anaipaka uso mzima, anasugua na kidole mpaka karatasi inateleza, halafu ananiuliza mwalimu mbona hafanani. Na kabla sijafungua mdomo, mwenzake wa pembeni kashamwambia: ongeza weusi, huyo ni mweusi kuliko hapo.

Usiongeze! Hakuna kitu kimeharibu potreti za wanafunzi wangu kama hii imani kwamba mtu mweusi anachorwa kwa kumwagiwa penseli nyingi.

Sikiliza, mwanga ukipiga kwenye ngozi unagawanyika. Kuna unaodunda pale juu kabisa, kwenye mafuta na jasho, unarudi bila kuingia popote. Na kuna unaozama ndani, huko unakutana na melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, unamezwa kiasi, kinachobaki kinatoka nje na ndicho kinachokupa rangi ya mtu. Sasa ule unaodunda juu haujakutana na melanini kabisa, kwa hiyo mng'ao kwenye paji la mtu mweusi ti na kwenye paji la mzungu, kama wamekaa kwenye mwanga mmoja na ngozi zao zina mafuta sawa, unakaribiana sana. Kinachobadilika ni kile kilichouzunguka. Weka kiatu cheusi kilichopigwa kiwi karibu na raba nyeupe ya turubai uone, kile cheusi umbo lake unalisoma kwenye mng'ao, ile nyeupe unaisoma kwenye vivuli. Uso ni hivyohivyo. Mtu mweusi umbo lake liko zaidi kwenye mwanga, na wewe ukipaka uso mzima toni moja, yaani kiwango kimoja cha weusi, ndiyo umefuta umbo lenyewe, umebaki na muhtasari wa kichwa wenye macho mawili.

Na mng'ao nao sio kuweka madoa meupe popote, hapa ndipo nataka mtu atulie aangalie. Mkalishe mtu pembeni ya dirisha, zima taa. Angalia paji: mwanga unaanza polepole kutoka kwenye nywele, unakolea pale paji linapojaa, halafu juu ya nyusi mfupa unageuka na mwanga unakatika, upande mmoja kingo laini, upande mwingine kingo kali. Kama ana mikunjo, kila mkunjo unaukata mng'ao vipande, na hapo ndipo umri wa mtu unapoonekana, sio kwenye vimistari vyeusi mnavyochora. Shuka kwenye ncha ya pua, mng'ao ni mdogo na mkali, na mara nyingi hauko katikati, umevutwa upande wa dirisha. Mfupa wa shavu una mrefu uliolala. Mdomo wa chini unao, wa juu kwa kawaida uko kivulini kwa sababu umeinamia ndani. Penye ndevu zilizonyolewa hakung'ai sana, ni pakavu. Ukivipata hivyo vitano sita mahali pake na kwa umbo lake, mtu atafanana hata kama ngozi umeiacha nyepesi kuliko alivyo. Hilo la mwisho lisome mara mbili.

Kuhusu vifaa kwa haraka. Grafaiti, yaani risasi ya penseli, inang'aa yenyewe, ina kikomo, ukifika hapo hata ubonyeze vipi haizidi kuwa nyeusi, inazidi kuakisi tu, ukiinamisha karatasi inakuwa kijivu kama bati. Kwa ngozi nyeusi tumia mkaa wa kuchorea. Paka karatasi nzima toni ya kati, chora juu yake, halafu mwanga utoe kwa raba ya kukanda, ile laini inayofinyangwa kwa vidole, yaani unachora kwa kufuta. Na kidole ondoa hapo, kina mafuta, ukishaliacha doa la mafuta raba haikusaidii tena.

Kabla hujagusa ngozi amua kwanza vya giza kabisa ni vipi: matundu ya pua, mstari wa katikati ya midomo, mboni, kivuli cha chini ya kidevu, nywele kwa ndani. Ngozi isivifikie hivyo hata siku moja. Finya macho ulinganishe, hata mtu mweusi vipi, tundu la pua limemzidi giza. Na weupe wa jicho sio mweupe! Kope la juu linaangusha kivuli pale, jicho ni mviringo, pembeni linazama. Mkiliacha jicho jeupe kama karatasi kwenye uso mliouzamisha kwenye 6B, anatoka mtu aliyeshtuka. Meno ni hivyohivyo.

Sasa kuna kitu mimi mwenyewe sijakitatua. Mafunzo mengi ya kushedi yametoka kwenye vile vichwa vya plasta nyeupe vya akademia za sanaa za Ulaya, ndiyo maana mnakariri mfuatano mmoja, mng'ao, toni ya kati, kiini cha kivuli (pale penye giza zaidi), mwanga wa kurudi (unaodunda kutoka kwenye vitu vya jirani), kivuli kinachoanguka. Kwenye plasta mfuatano huo unafanya kazi vizuri. Kwenye ngozi nyeusi yenye jasho naona mwanga wa kurudi unapata nguvu kuliko vitabu vinavyoruhusu, taya la upande wa kivuli linaweza kung'aa kwa sababu ya shati jeupe tu, na mwanafunzi aliyekariri anauzima kwa sababu kaambiwa kivulini pasiwe na mwanga mkali. Niwafundishe mfuatano halafu niuvunje, au nisiwafundishe kabisa? Kila darasa nafanya tofauti na bado sijaridhika.

Lingine ni kama rangi ya ngozi lazima ihamie kwenye karatasi. Charles White, mchoraji Mmarekani aliyefariki 1979, kwenye michoro yake ya watu weusi anajenga uso kwa mwanga na kivuli mpaka unausikia mfupa. Mwanafunzi wake Kerry James Marshall kaenda upande wa pili kabisa, anapaka watu weusi tititi kwa makusudi, lakini anatumia rangi nyeusi za aina tofauti, weusi wa mifupa, wa kaboni, wa oksidi ya chuma, ili ndani ya weusi kuwe na tofauti. Wote wawili wako sahihi kwangu, na hakuna kati yao aliyepaka toni moja akasugua.

Picha za simu nazo zinawaponza. Flashi inapiga kutoka mbele, inaua mng'ao wote wa maana inaweka mmoja mkubwa katikati ya paji, na simu zenyewe zinapenda kung'arisha uso, kwa hiyo unanakili makosa ya mashine. Kama lazima uchoree picha, mpige mtu mwenyewe, pembeni ya dirisha, bila flashi, rudi nyuma kidogo uvute kwa zumu maana ukimkaribia sana pua inavimba.

Na wale wanaotumia karatasi ya kaki na chaki nyeupe, vizuri sana, ila chaki iguse mng'ao tu, na isikutane na mkaa. Vikichanganyika inatoka bluu ya majivu na huwezi kuirudisha, acha kaki yenyewe ikae katikati yao.