Apdeti ya BIOS ikiganda: toa kidole kwenye kitufe

Laptopu nyingi ninazoletewa hapa Tanga kwa madai kwamba "zimekufa kwenye apdeti" ziliuawa na kitufe cha kuwashia. Mstari umesimama kwenye asilimia 27, feni inavuma, kioo kimezima chenyewe, mwenye mashine anaona imeganda. Anabonyeza sekunde 10 mpaka izime. Hapo ndipo inapoharibika kweli.

BIOS, yaani programu ya kwanza inayoamsha mashine, inakaa kwenye chipu ndogo ya miguu 8 juu ya madabodi, mara nyingi ya MB 8, 16 au 32. Chipu hiyo haiandikwi juu ya maandishi ya zamani. Fungu zima linafutwa kwanza, linaandikwa upya, kisha linasomwa kuhakikisha kilichoandikwa ndicho. Kati ya kufuta na kuandika, fungu hilo ni tupu. Ukikata umeme hapo, safari nyingine mashine inaamka na kukuta ukurasa mweupe.

Tena apdeti moja hubeba zaidi ya kitu kimoja: BIOS yenyewe, famwea (programu iliyomo ndani ya kifaa) ya Management Engine, ule mfumo mdogo wa usimamizi, kwa mashine za Intel, na ya kile kidhibiti kinachoendesha kibodi, feni na uchajiji. Zamu ya kidhibiti ikifika, feni hukimbia kwa nguvu zote, taa ya chaji huweza kuzima, na kioo kikawa cheusi. Ni kazi inaendelea. Hata ikimaliza, mashine huipima RAM upya na huweza kujizima na kujiwasha mara mbili tatu bila kuonyesha chochote.

Kwa hiyo subiri. Kawaida kazi yote ni dakika 5 hadi 30, lakini mimi huipa saa nzima kabla ya kuigusa, chaja ikiwa imechomekwa. Usifunge kifuniko, usichomoe hata fleshi iliyokuwemo. Mstari kusimama peke yake si dalili ya kuganda.

Saa ikipita na hakuna kilichobadilika, chomoa chaja na vyote vilivyochomekwa, shikilia kitufe sekunde 30, rudisha chaja, washa mara moja tu, kisha iache dakika 10. Mashine nyingi za karibuni zina nakala ya akiba na hujirekebisha zenyewe. Anayewasha na kuzima kila baada ya dakika anaikatiza katikati ya kujitibu.

Isipoamka, tengeneza fleshi ya kuokoa kwenye kompyuta nyingine. Chukua ya GB 4 hadi 32, iformati kwa mpangilio wa FAT32, ule wa NTFS haitasomwa. Faili litoke tovuti ya mtengenezaji, kwa modeli kamili iliyoandikwa chini ya mashine, maana laptopu mbili za jina moja huweza kuwa na bodi tofauti.

Kwa HP, endesha programu ya apdeti na uchague kutengeneza fleshi ya kuokoa. Chomeka fleshi kwenye mashine iliyozimwa, shika Windows na B pamoja, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 2 hadi 3, kiachie huku ukiendelea kushika Windows na B. Kioo huweza kubaki cheusi kama sekunde 40, usikate tamaa. B isipofanya kazi jaribu Windows na V.

Kwa Dell, faili la apdeti libadilishwe jina liwe BIOS_IMG.rcv, lote pamoja na hicho kiambishi cha mwisho (.rcv), kisha uliweke kwenye fleshi. Watu wengi hukwama hapa: Windows inaficha viambishi, faili linaishia kuitwa BIOS_IMG.rcv.exe na mashine hailioni. Chomeka fleshi, chomoa chaja, shika Ctrl na Esc, chomeka chaja ukiwa bado umeshika, achia ukurasa wa kuokoa BIOS ukitokea.

Haya yote yakishindwa, inabaki kuiandika chipu kwa programa, yaani kifaa cha kuandikia chipu moja kwa moja. Kazi hii mpelekee fundi aliyeizoea, na umuulize mambo mawili. Chipu ni ya volti 3.3 au 1.8? Zinafanana kwa macho; namba iliyo juu yake ndiyo inayosema. Programa nyeusi ya CH341A inayouzwa kwa bei nafuu hupitisha volti 5 kwenye njia za data, kwa hiyo ya 1.8 huweza kuungua bila adapta ya kushusha volti. Pili, je, atasoma chipu mara mbili na kulinganisha kabla ya kuifuta? Ndani mna namba ya mashine na leseni ya Windows; ukibandika nakala ya laptopu ya mtu mwingine, umevipoteza. Betri kubwa na ile ndogo ya CR2032 zichomolewe kwanza. Na kwa hewa yetu ya bahari, miguu ya chipu huota kutu ya kijani: klipu ya programa inashika, lakini usomaji wa kwanza na wa pili haulingani. Safisha kwa spiriti na brashi kabla ya kulaumu chipu.

Mbali na kitufe, sababu nyingine kubwa ninayoiona huku ya apdeti kukatika ni betri iliyochoka. Mashine inaishi kwa chaja tu, uniti za LUKU zinaisha katikati, basi. Programu ya apdeti inapokataa kwa sababu ya betri, usitafute njia ya kuilazimisha. Azima UPS, hata ndogo ya VA 650 inatosha kwa laptopu. Angalia pia pini ya chaja: ikitikisika ukaona taa inapepesa, itengenezwe kwanza.

Kabla ya kuanza, simamisha BitLocker (kufuli la diski la Windows) na uwe na ule ufunguo wake wa tarakimu 48, la sivyo utaulizwa mara tu mashine ikiwaka. Piga picha ya ukurasa wa BIOS unaoonyesha diski iko kwenye AHCI au RAID, namna mbili za mashine kuwasiliana na diski. Apdeti huweza kurudisha mipangilio ya kiwandani, na Windows iliyowekwa kwa RAID ikikuta AHCI inaleta kioo cha bluu. Watu huformati diski kwa kosa hilo, wakati dawa ni kurudi BIOS na kubadilisha neno moja.