GI Bill ni nini? Masomo kama stahiki ya mwanajeshi wa zamani

Ukimsikia Mmarekani akisema anasoma kwa GI Bill, usidhani kapewa msaada au skolashipu. GI ni jina la mtaani la askari wa Marekani, na Bill ni muswada. Ni sheria inayomlipia masomo mtu aliyetumikia jeshi. Fedha hizo amezitolea jasho kabla hajakanyaga darasani, ndiyo maana mimi huziita stahiki.

Sheria ya kwanza ilisainiwa na Rais Franklin D. Roosevelt tarehe 22 Juni 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa bado vinapiganwa. Fedheha ya mwaka 1932 ilikuwa haijasahaulika: maveterani wa Vita vya Kwanza vya Dunia walipiga kambi Washington wakitaka walipwe mapema bonasi waliyoahidiwa, wakatimuliwa na jeshi lile lile walilolitumikia. Kufikia 1947, karibu nusu ya walioingia vyuoni walikuwa maveterani. Ila si wote walioonja. Kusini mwa Marekani, vyuo vya wazungu viliwafungia mlango askari weusi, na vyuo vichache vilivyowapokea vikajaa pomoni.

Inayotumika zaidi sasa ni ile ya waliotumikia baada ya Septemba 11, 2001, iliyoanza kulipa Agosti 2009. Inatoa miezi 36 ya masomo. Mwaka wa chuo ni kama miezi tisa, kwa hiyo hiyo ni miaka minne, yaani shahada nzima. Aliyetumikia siku 90 hupata asilimia 50 ya stahiki. Aliyefikisha miezi 36 hupata yote. Aliyeachishwa kwa ulemavu alioupata kazini naye hupata yote, hata kama alitumikia siku 30 tu mfululizo.

Ada hulipwa chuoni moja kwa moja: chuo cha umma hulipiwa yote kwa kiwango anachotozwa mkazi wa jimbo hilo, cha binafsi kina kikomo. Vitabu ni hadi dola 1,000 kwa mwaka. Posho ya makazi humfikia mwanafunzi mwenyewe, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Hulipwa mwezi ukishakwisha, tena kwa siku za masomo tu. Masomo yakianza tarehe 25 Agosti, mwanzoni mwa Septemba ataona posho ya siku saba, huku mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi mzima. Likizo ya katikati ya mihula haina posho. Akiacha somo muhula ukiendelea, huenda akadaiwa arudishe fedha. Nionavyo, kuweka akiba ya mwezi mmoja kabla ya kuanza ni muhimu kuliko kununua kompyuta mpya.

Kila chuo kinachopokea fedha hizi kina ofisa anayeithibitishia serikali kwamba mwanafunzi amejisajili. Asipotuma taarifa, hakitoki kitu. Huyo atafutwe mapema, kabla hata ya ratiba ya vipindi.

Waliotoka jeshini kuanzia Januari 2013 hawana tena muda wa mwisho wa kuitumia, shukrani kwa sheria ya 2017. Kuihamishia kwa mke, mume au watoto kuna masharti makali zaidi: askari awe ametumikia miaka sita, akubali kuongeza minne, na aombe akiwa bado kazini. Akishavua sare, ombi hilo halipokelewi.