Waitikiaji ndio wa kwanza kukosa kazi

Majuzi mteja alinirushia wimbo wa tangazo la sabuni kwa WhatsApp, sekunde 30, akaniomba niusafishe tu. Umetungwa na programu ya akili mnemba. Niliusikiliza kwa hedifoni mara tatu. Gitaa lilikuwa safi mno, husikii hata kidole kikikwaruza waya. Mwimbaji alivuta pumzi katikati ya neno, na "inang'ara" ikawa "inangara". Nikamwita dada mmoja aje kurudia mstari huo tu. Zamani tangazo kama hilo lingewalisha watu watano: mtunzi, gitaa, besi na waitikiaji wawili. Na mimi nililipwa nusu, kama mnataka kujua.

Wengi hudhani mashine inakata vipande vya nyimbo za watu na kuviunga. Sivyo. Hulishwa rekodi nyingi sana, ikajifunza sauti ipi huifuata ipi, kisha ikatengeneza mawimbi mapya yanayofanana na iliyoyasikia. Ndiyo maana ni kazi kuonyesha kidole na kusema "hapa ndipo nilipoibiwa". Ugomvi uko kwenye hicho ilicholishwa: nani aliruhusu? Juni 2024 kampuni za muziki za Universal, Sony na Warner ziliwashtaki Suno na Udio, wenye programu za kutunga nyimbo, huko Marekani kwa hoja hiyo. Baadaye baadhi yao wakapatana na kuandikiana leseni. Mpiga besi aliyelipwa mara moja akaondoka hakuwa mezani.

Kwa wanamitindo ni yaleyale. Machi 2025 watu wa kampuni ya mavazi ya H&M walitangaza kutengeneza nakala za kidijitali za wanamitindo 30, kila mmoja akimiliki nakala yake. Afadhali hao. Lakini nakala haipakwi poda, haisukwi nywele, haishikiwi taa, na wanaofanya kazi hizo hawana nakala ya kukodisha. Katika toleo la Agosti mwaka huohuo, tangazo la kampuni ya mavazi ya Guess likatoka kwenye jarida la Vogue la Marekani likiwa na mrembo ambaye hajawahi kuzaliwa. Maelezo kwamba ni wa akili mnemba yaliandikwa kwa herufi ndogo pembeni.

Yule dada wa "inang'ara" nilimwandikia kwenye karatasi ya malipo kwamba sauti yake ni ya tangazo hilo tu, isilishwe programu yoyote. Mteja alisaini bila kusoma.